Jina la mchongaji hupotelea wapi? Kutoka Ujiji hadi kwa George Lilanga

MGENI anayefika Ujiji, kilometa chache kutoka katikati ya mji wa Kigoma, aghalabu hupelekwa kwanza mahali palipo na kumbukumbu ya Dk. David Livingstone. Hapo husimuliwa habari za Novemba 1871, pale mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipomkuta mmisionari huyo baada ya ulimwengu kukaa miaka kadhaa bila kujua kama yu hai au amekufa. Kwa miaka mingi wageni wameoneshwa pia sanamu zenye kimo cha binadamu zinazoigiza tukio hilo: wanaume wawili wakisalimiana, kofia mkononi.

Mgeni huyo huondoka na majina mawili kichwani, Livingstone na Stanley. Jina la tatu, la fundi aliyekaa na kuzifinyanga sura zile mbili, kwa kawaida haliulizwi. Anayeoneshwa na sanamu hukumbukwa. Aliyeitengeneza husahaulika.

Jambo hili si la Ujiji peke yake, wala si dogo kama linavyoonekana. Mchongaji wa sanamu katika sehemu hii ya Afrika, hasa yule asiyepita chuo chochote cha sanaa, huishi kwa vitu viwili: mikono yake na jina lake. Mikono ikichoka, jina ndilo linalobaki kumlipa yeye au watoto wake. Jina likipotea, hata kazi iliyo bora kiasi gani huwa mali ya aliyeinunua, aliyeichukua au aliyeiiga.

Makala haya yanaeleza jinsi jina la mchongaji linavyopotea, na jinsi linavyoweza kusalia, kwa kuanzia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika na kuishia kwa Mtanzania mmoja aliyeanza kazi mjini kama mlinzi wa usiku.

Sanamu iliyovuka ziwa na bahari

Mwaka 1879 Wabelgiji waliokuwa chini ya Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, chombo kilichoundwa na Mfalme Leopold II, walijenga kituo Karema, kusini mwa Kigoma kwenye ukingo wa mashariki wa ziwa, katika eneo ambalo leo limo ndani ya Mkoa wa Katavi. Miaka michache baadaye kituo hicho kilishikwa na ofisa wa jeshi aitwaye Emile Storms. Mwaka 1883 Storms alivuka ziwa na kuanzisha kituo kingine Mpala, katika nchi ya Watabwa, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Huko aligongana na Lusinga, mtawala wa eneo la milimani ambaye naye alikuwa akijenga himaya kwa bunduki na biashara ya watumwa. Desemba 1884 wapiganaji wa Storms walikivamia kijiji cha Lusinga. Mtawala huyo aliuawa na kichwa chake kikakatwa. Miongoni mwa vitu vilivyotwaliwa siku hizo ilikuwamo sanamu ya mti ya mwanamume, iliyochongwa kwa ustadi mkubwa, iliyowakilisha mhenga katika ukoo wa mtawala huyo.

Sanamu hiyo ilisafiri na Storms hadi Ubelgiji na kukaa nyumbani kwake kama pambo la ushindi. Baada ya yeye kufariki iliingia katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, ambako imekuwa moja ya kazi zinazojulikana zaidi kutoka nchi za Ziwa Tanganyika. Fuvu la Lusinga nalo lilihifadhiwa Brussels, na katika miaka ya karibuni limekuwa kiini cha mjadala mzito nchini Ubelgiji kuhusu mabaki ya binadamu yaliyochukuliwa wakati wa ukoloni. Mwaka 2022 sanamu ya Storms mwenyewe, iliyosimama katika bustani moja mjini humo, iliondolewa.

Angalia sasa jinsi kumbukumbu zilivyogawanywa. Jina la kamanda linajulikana, na cheo chake. Jina la mtawala aliyeuawa linajulikana. Mwaka na mwezi vinajulikana. Njia iliyopitwa na mzigo inajulikana. Lakini mtu aliyechukua gogo, akalipima kwa macho, akalitoa sura ya mhenga kwa tezo na kisu, hakuandikwa popote. Aliyeichukua sanamu hakumuuliza mwenye sanamu ni nani aliyeichonga, alikuwa amemuua.

Kwa hakika Watabwa wenyewe waliwafahamu wachongaji wao. Katika jamii ambamo sanamu ilibeba nasaba ya watawala, haiwezekani fundi wake awe mtu asiyejulikana mtaani kwake. Jina halikupotea kwa sababu halikuwapo. Lilipotea njiani, pale kitu kilipohama na habari zake zikaachwa nyuma.

Wapo waliojaribu kurudisha kilichopotea. Katika miaka ya 1930 na 1940, mtaalamu wa Kibelgiji Frans Olbrechts alizipanga sanamu za Kongo mezani na kuzilinganisha kama mwalimu anavyolinganisha miandiko ya wanafunzi. Akabaini kwamba viti na sanamu kadhaa zenye nyuso ndefu, nyembamba na zenye huzuni zilitoka katika mkono mmoja. Kwa kuwa hakuwa na jina, akamwita mchongaji huyo Fundi wa Buli, kwa jina la kijiji kilichotajwa katika kumbukumbu za baadhi ya sanamu hizo, magharibi mwa Ziwa Tanganyika. Ilichukua miaka mingine hadi utafiti uliofanywa hukohuko ulipotoa jina la mtu: Ngongo ya Chintu. Ni mfano adimu. Mamia ya wenzake hawakupata bahati hiyo.

Karne moja baada ya uvamizi wa kijiji cha Lusinga, sanamu nyingine za Afrika Mashariki zilikuwa zikivuka bahari, safari hii zikiwa na jina la aliyezichonga. Kisa cha mtu huyo hakikuanzia ziwani bali kusini mwa Tanzania. Hata hivyo, ndicho kinachoeleza vizuri zaidi ni nini hulitunza jina la mchongaji.

Mihogo kwanza, mpingo baadaye

George Lilanga alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, kusini mwa nchi, katika familia ya Kimakonde. Wamakonde wanaishi pande zote mbili za Mto Ruvuma, Tanzania na Msumbiji, na sifa yao ya uchongaji ni ya zamani kuliko mpaka huo.

Lilanga hakupita chuo cha sanaa. Alijifunza kama walivyojifunza vijana wengi wa kwao, kwa kutazama na kujaribu. Mkono huanzishwa kwenye mizizi ya mihogo, ambayo ni laini na haina gharama. Ukikosea, unatupa na kuchukua mwingine. Kisha hufuata mti laini. Mwisho ndipo kijana huruhusiwa kuugusa mpingo.

Mpingo hausamehe. Ni mti unaokua taratibu mno, na mbao yake ni nzito kiasi cha kuzama majini. Ndiyo hiyohiyo inayotumika Ulaya kutengenezea zumari za aina ya klarineti. Nje una tabaka jembamba lenye rangi ya maziwa, ndani kiini cheusi. Mchongaji huanza kwa shoka na tezo kuondoa nyama ya nje, hufuata patasi na nyundo ya mti kutafuta umbo, kisha tupa na msasa kulainisha. Gogo la mpingo ni nadra kuwa limenyooka. Lina mashimo na nyufa na mapindo. Fundi hodari haushurutishi mti. Huufuata, akaufanya ufa kuwa mdomo na pindo kuwa mgongo.

Kutokana na tabia hiyo ya mti, pamoja na simulizi za kwao, uliibuka katika miaka ya 1950 mtindo ambao soko liliuita shetani. Mchongaji Samaki Likankoa hutajwa kuwa ndiye mwasisi wake. Ni viumbe wa porini na ndotoni: jicho moja, sikio refu, tumbo linaloning'inia, kiungo kimoja kikigeuka kuwa kingine. Mtindo mwingine uliopewa jina la ujamaa ulionesha watu wengi wakipandiana kama mnara, kila mmoja akimbeba mwenzake. Wachongaji wa Kimakonde waliovuka Ruvuma kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge waliifanya mitindo hiyo kuwa bidhaa ya Dar es Salaam, ambako wafanyabiashara kama Mohamed Peera walinunua na kuuza ng'ambo.

Lilanga alikulia katika mkondo huo. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, kusini mwa Tanzania kulikuwa na kambi za wakimbizi, na wageni kutoka Ulaya waliozitembelea walinunua vinyago vyake. Kwa mchongaji wa kijijini, hao walikuwa wateja wa kwanza walioonesha kwamba kazi ile inaweza kumpeleka mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifunga safari ya Dar es Salaam.

Mlinzi wa usiku

Jiji halikumpokea kama msanii. Mjomba wake, Augustino Malaba, naye mchongaji, alikuwa akifanya kazi katika kituo kipya kilichoitwa Nyumba ya Sanaa. Kupitia kwake Lilanga alipata ajira hapo, lakini ajira yenyewe ilikuwa ya ulinzi. Usiku alilinda kazi za wenzake.

Nyumba ya Sanaa ilianzishwa mwaka 1972 na mtawa Mmarekani wa shirika la Maryknoll, Sista Jean Pruitt, kwa ajili ya vijana wenye kipaji wasio na mtaji wala shule. Humo palichongwa na kuchorwa, palitengenezwa batiki, palichapwa picha kwa mabamba, palifumwa na kufinyangwa. Baadaye kituo kilipata jengo lake katikati ya jiji, na jengo hilo likawa kituo cha lazima kwa mtalii na balozi, na makimbilio ya msanii asiye na pa kulala.

Maisha ya wasanii wa aina hiyo hayafuati kengele ya ofisi. Fedha ikija leo huliwa leo, kwa sababu haijulikani ya kesho itatoka wapi. Chakula hugawanywa, na vifaa huazimwa. Mmoja akiuza, watano hunywa chai. Kwa mtu anayetazama kutoka nje, ni uvivu unaovaa jina la sanaa. Kwa aliyemo ndani, ndiyo shule: anamwona mchapaji akitia tindikali kwenye bamba, anamwona mchoraji akichanganya rangi, na jioni anajaribu mwenyewe.

Hapo ndipo neno kujifundisha linapohitaji ufafanuzi. Hakuna anayejifundisha akiwa peke yake jangwani. Mchongaji asiye na cheti huwa amefundishwa na wengi: wazee wa kijiji chake, mti anaouchonga, na wenzake wa benchi. Kinachokosekana ni karatasi tu. Lilanga alipata kwa Wamakonde mkono wa kuchonga, na kwa Nyumba ya Sanaa alipata mahali pa kuutumia mkono huo kwa namna ambayo kijijini isingewezekana.

Uongozi wa kituo uliona kazi zake, na mlinzi akahamishiwa kwenye benchi la wasanii. Alichonga, lakini pia akachora kwenye ngozi za mbuzi, akabuni batiki, akachapa picha kwa mabamba, akabuni hata mapambo ya vyuma. Viumbe wake waliotoka katika mtindo wa shetani walibadilika mikononi mwake. Badala ya kutisha, wakaanza kuchekesha. Wana masikio makubwa, midomo iliyochomoza, matumbo ya mviringo na miguu yenye vidole viwili vinene. Wanacheza ngoma, wanagombana, wanabeba maji, wanasengenya, wanakwenda hospitali. Ni majirani wa uswahilini waliovaa ngozi ya mashetani.

Aidha, alifanya jambo ambalo wachongaji wengi wa mpingo wangeliona kuwa ni dhambi: alichonga mti laini na kuupaka rangi kali, nyekundu, njano na buluu. Katika mpingo, weusi wa mti ndio fahari. Lilanga aliufunika mti ili umbo na mzaha ndivyo vionekane. Tangu hapo kazi yake haikuweza kuchanganywa na ya mwingine, na huo ni mwanzo wa jina.

Jina lililogeuka kuwa mtindo

Ili kuelewa bahati ya Lilanga, inafaa kumtazama jirani yake katika sanaa ya Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, naye hakusomea sanaa. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwenye mbao nyembamba kwa rangi za kawaida za dukani, zile zinazong'aa kama rangi ya baiskeli. Aliuza kwa wageni, akawafundisha ndugu na jamaa, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kimakosa kuwa mhalifu. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu.

Wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakasajili ushirika wenye jina lake. Leo neno tingatinga linafahamika hata kwa mtu asiyejua kwamba lilikuwa jina la binadamu. Picha mpya zinauzwa kila siku zikiitwa hivyo. Hiyo ni namna ya pili ya jina kupotea: halisahauliki, bali linaenea mno hadi linamwacha mwenyewe nyuma. Limelisha familia nyingi, na hilo si jambo la kubeza. Lakini mtu mmoja, aliyeishi na kufa kwa uchungu, amegeuka kuwa aina ya bidhaa.

Lilanga aliwafahamu vizuri wachoraji wa mkondo huo, na katika miaka ya baadaye picha zake zilichukua kutoka kwao rangi zinazong'aa na mbao za kuchorea. Hata hivyo, yeye alibaki Lilanga. Tofauti ilikuwa nini?

Kipaji peke yake hakitoshi kuwa jibu, kwani Tingatinga naye alikuwa nacho. Tofauti ni kwamba Lilanga aliishi miaka mingi baada ya kuonekana, na katika miaka hiyo palikuwapo nyumba iliyoandika jina lake kila kazi ilipotoka. Mwaka 1978 kazi za wasanii wa Nyumba ya Sanaa zilioneshwa Washington, Marekani, na sehemu kubwa ya zilizopelekwa ilikuwa mkono wake. Kila maonesho yalitoa orodha, na kila orodha ilikuwa na mstari wenye jina, nchi na mwaka wa kuzaliwa. Mstari huo mmoja, ambao mchongaji wa sanamu ya Lusinga hakuupata, ndio uliomfuata Lilanga kutoka mji hadi mji.

Umaarufu una kodi yake pia. Baadhi ya wahakiki wa Magharibi walipowatazama viumbe wake wenye kucheza, haraka walimlinganisha na Keith Haring, mchoraji wa New York. Msomaji atambue kinachofanyika hapo: Mmakonde anaelezwa kwa jina la Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1958, wakati Lilanga alikuwa tayari na umri wa miaka 24.

Siku alipofariki

Mwaka 2004 yalifunguliwa Düsseldorf, Ujerumani, maonesho makubwa ya sanaa ya Afrika ya wakati huu yaliyoitwa Africa Remix. Yalihamia London, kisha Mei 2005 yakafunguliwa katika kituo cha Pompidou mjini Paris, na baadaye yakafika Tokyo na Johannesburg. Lilanga alikuwa miongoni mwa wasanii walioteuliwa.

Wakati huo alikuwa mgonjwa. Kisukari kilikuwa kimemshambulia kwa miaka, na hatimaye alikatwa miguu. Mchongaji hufanya kazi kwa mwili mzima: hukaa chini, hubana gogo kwa miguu, huegemea. Mtu aliyepoteza miguu hupoteza pia meza yake ya kazi. Lilanga hakuacha. Aliendelea kwa kusaidiwa na vijana wa karakana yake, wengine wakikata mti na wengine wakijaza rangi kwa kufuata michoro na maelekezo yake.

Alifariki Dar es Salaam Juni 27, 2005. Siku hiyo maonesho ya Paris yalikuwa bado wazi. Watu walikata tiketi kuingia katika ukumbi ambao jina lake lilikuwa ukutani, wakati nyumbani kwake ndugu walikuwa wakipanga maziko.

Baada ya kifo ndipo namna ya tatu ya jina kupotea ilipojitokeza. Kazi zenye saini ya Lilanga ziliendelea kuingia sokoni, na wanunuzi wakaanza kuuliza ni ipi aliyoifanya mwenyewe, ipi ilifanywa na karakana yake akiwa hai, na ipi imetengenezwa na watu wasiomhusu kabisa. Swali ni gumu kuliko linavyosikika. Karakana si udanganyifu. Wachongaji na wachoraji wakubwa duniani wamefanya kazi na wasaidizi kwa karne nyingi. Msaidizi aliyepaka rangi chini ya macho ya bwana wake hajaghushi. Lakini pasipokuwa na daftari linaloonesha kazi ipi ilitoka lini na kwa mikono ya nani, mlango unabaki wazi kwa kila mwenye brashi.

Mwenye hasara ya kwanza ni familia ya marehemu. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ya sanaa nchini hulindwa katika uhai wote wa msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa Lilanga, ulinzi huo unafika mwaka 2055. Sheria inatambua pia haki ya msanii kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi. Lakini sheria humlinda anayeweza kuthibitisha, na uthibitisho ni karatasi, picha na tarehe, vitu ambavyo msanii anayeishi kwa kipato cha leo havipi kipaumbele.

Mwenye hasara ya pili ni nchi. Kazi nyingi zinazojulikana za Lilanga zimo katika mikusanyo ya ng'ambo, ukiwamo ule wa Jean Pigozzi. Kijana wa Kitanzania anayetaka kumwona mchongaji huyu kwa mapana yake atampata kwa urahisi zaidi katika vitabu vilivyochapishwa Ulaya kuliko katika ukumbi wowote wa nyumbani. Nyumba ya Sanaa yenyewe, iliyompokea akiwa mlinzi, ilikoma kuwa makao ya wasanii katika jengo lile la katikati ya jiji.

Ya kujifunza Kigoma

Turudi ziwani. Kigoma ni mkoa wenye fahari katika muziki. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya huko walijikusanya na kurekodi pamoja chini ya jina la Kigoma All Stars. Muziki una bahati ya kupita redioni, na mwimbaji hutaja jina lake ndani ya wimbo wenyewe. Sanamu ni bubu. Haiwezi kusema ilichongwa na nani isipokuwa mtu ameandika.

Kwa mchongaji wa Kigoma au Ujiji, umbali nao ni tatizo. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo iko pwani ya bahari, na reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ina urefu wa zaidi ya kilometa 1,200. Hakuna haja ya kusubiri Nyumba ya Sanaa nyingine ishuke kutoka mbinguni. Yapo mambo matatu yanayoweza kufanywa hata na mtu mwenye patasi moja.

La kwanza ni kuandika chini ya kila sanamu jina, kijiji, mwaka na aina ya mti, kwa kukata kwenye mti wenyewe na si kwa wino unaofutika. La pili ni kupiga picha ya kila kazi kabla haijauzwa; simu ya mkononi inatosha. La tatu ni kuwa na daftari la mauzo na kuwataja humo wasaidizi, ili kesho isitokee ubishi juu ya nani alifanya nini.

Mnunuzi naye ana wajibu. Anayenunua kinyago mjini Kigoma, Mwenge au Mtwara huuliza bei, na baada ya hapo huuliza kama bei inapungua. Swali la tatu, la jina la aliyekichonga, halimgharimu shilingi hata moja. Akilijua, aliandike na kulihifadhi pamoja na kinyago.

Storms hakuuliza, na ndiyo maana sanamu ya ukoo wa Lusinga imekaa miaka zaidi ya 100 ughaibuni ikitangaza ustadi wa mtu asiyeweza kutajwa. Lilanga aliulizwa na akaandikwa, na ndiyo maana leo tunaweza kusema alizaliwa wapi, alilinda wapi usiku, alikufa siku gani, na ni jambo gani bado anadaiwa na nchi yake.